Lengo Lililogoma Ukutani

Sema kweli: uliwahi kujua, hata siku moja, kwa nini ulikuwa umekaa darasani?

Sisemi sababu ya kuamshwa alfajiri na kusukumwa bafuni macho yakiwa bado yamefumba. Hiyo tuliijua sote. Sababu ilikuwa mama. Nauliza kipindi chenyewe, mwalimu kashika chaki nawe umeshika tama: ulijua kwamba kengele ikilia utakuwa unaweza jambo gani ambalo ulipoingia hukuliweza? Wengi wetu hatukuambiwa. Tulipakiwa kama magunia, tukashushwa palipowapendeza wapakiaji, na aliyeuliza tunakwenda wapi aliambiwa aache utundu.

Basi kuna mwalimu mmoja ambaye jambo hilo lilimkera mpaka nusura limpotezee darasa, na huyo ndiye ninayetaka umjue.

Walimu wenzake walimwita Seremala. Hawakumtukana. Baba yake alikuwa seremala, na yeye alikulia karakanani, kati ya vumbi la mbao na harufu ya gundi, hata chuo cha ualimu aliingia akiwa na kovu la patasi kwenye kidole gumba. Mzee yule hakumruhusu mtu kugusa msumeno kabla hajasema anachotengeneza. "Tunatengeneza nini?" aliuliza kila asubuhi. Kijana akijibu, "Tunapasua mbao, baba," alipewa ufagio. Akijibu, "Stuli ya fundi viatu, fupi, isiyotingishika," hapo ndipo msumeno uliposhushwa. Kijana alifagia sana kabla ya kuelewa. Alipoelewa, lilimkaa kama msumari uliopigiliwa na mwenye mkono.

Alifundisha darasa la tatu, chumba cha mwisho katika safu ya vyumba vilivyotazama uwanja wa udongo ulioshindiliwa na nyayo. Dirisha moja lilikuwa halifungiki, jingine halifunguki, kwa hiyo hewa ilikuwa ya wastani. Ubao ulikuwa umepakwa rangi mara nyingi mno hata chaki ikawa inateleza juu yake kama kwenye sahani. Watoto wale aliwapokea darasa la kwanza wakiwa bado wanalilia kwao, akapanda nao la pili, akapanda nao la tatu. Alimjua anayeiba penseli, na alimjua anayeazima na kusahau kurudisha, akajua pia kwamba hao ni watu wawili tofauti wanaostahili maneno tofauti. Aliwaita "watu wangu", na wao hawakuona ajabu.

Mwalimu mkuu, ambaye wote walimwita Mkuu bila kuongeza neno, hakuwa mtu mbaya. Tulimalize hilo mapema, maana ni rahisi kumpaka masizi mtu mwenye cheo. Alipigania paa la darasa la tano mpaka likaezekwa, na hakuna mtoto aliyefukuzwa shuleni kwake kwa kukosa viatu. Ila alikuwa na ugonjwa mmoja: aliogopa wageni. Akisikia gari langoni, mkono wake ulikimbilia kwenye kola ya shati kabla akili haijauliza ni nani.

Muhula ule alirudi kutoka semina na agizo: kila darasa liyaandike malengo ya somo na kuyabandika yaonekane. Agizo zuri! Seremala alikaribia kupiga makofi. Kisha malengo yenyewe yakaja kutoka duka la uchapaji, yamepigwa kwa herufi kubwa na kufunikwa nailoni inayong'aa: *Hadi kufikia mwisho wa kipindi mwanafunzi aweze kubainisha dhana ya sehemu na kufafanua uhusiano wake na namba nzima.* Na Mkuu akaelekeza yabandikwe kwenye ukuta wa nyuma.

Ukuta wa nyuma! Hebu lifikirie. Mtoto anatazama ubao. Ukuta wa nyuma uko kisogoni kwake. Anayeuona vizuri ni mgeni, kwa sababu mlango uko mbele, karibu na ubao, na afunguaye mlango jicho lake hutua nyuma kwanza. Lengo la mtoto likageuzwa pazia la sebuleni, la kumpendeza anayebisha hodi. Na hapo hasira zinanipanda kama zilivyompanda Seremala: ukuta wa darasa si kioo cha duka, na watoto si bidhaa za kuwekwa mbele yake.

Alilisema kwenye kikao cha walimu, akiwa amesimama, kwa sababu alikuwa mtu asiyejua kusema kweli akiwa amekaa.

"Mkuu, kwa heshima zote, haya malengo tumewaandikia wageni."

"Yameandikwa kwa Kiswahili," Mkuu alijibu. "Mtoto akitaka kuyasoma, yapo."

"Yako nyuma yake."

Mwalimu wa darasa la nne, mama mwenye umri aliyeitwa Shangazi na shule nzima, Mkuu akiwemo, akaingilia huku akimenya chungwa. "Sasa wewe mwanangu, mtoto si ana shingo? Ageuke."

"Akigeuka, Shangazi, wewe si wa kwanza kumfokea atazame mbele?"

Chumba kizima kikacheka. Shangazi mwenyewe akacheka mpaka kokwa la chungwa likamruka. "Haya, nimeshikwa," alisema. "Lakini nakwambia, Seremala, ubishi wako utakuponza. Mdomo uliponza kichwa."

Seremala hakungoja ruhusa ya jambo ambalo hakukatazwa waziwazi. Ile karatasi ya nailoni aliiacha nyuma ilipo, akachukua karatasi yake mwenyewe ya manila, akaibandika mbele chini ya ubao, usawa wa kifua cha mtoto. Mtu mzima aliyetaka kuisoma ilimbidi ainame.

Mwanzoni naye alikosea. Aliyanakili maneno yale yale ya nailoni. Watoto waliyasoma kwa sauti moja, kwa madaha, kama kwaya.

"Kwa hiyo leo tutafanya nini?" aliwauliza.

"Kubainisha!" darasa lilipaza sauti.

"Na kubainisha ni kufanya nini?"

  Akanyoosha mkono binti mmoja aliyeitwa Redio, kwa sababu alianza kuongea alfajiri na hakuna aliyejua anazimwa wapi. "Ni kusoma kwa sauti, Mwalimu," alisema, kwa uhakika kabisa.

Seremala aliibandua manila pale pale. Akaigeuza, akaandika upya kwa kalamu nene, huku wote wakitazama: *Nitaweza kuonyesha nani amepata kipande kikubwa: aliyegawana na mwenzake mmoja, au aliyegawana na wenzake wawili.*

"Hapo je?"

"Aa, hapo kuna kula," alisema Redio, na wote wakakubali kwamba hapo kuna kula.

Akaweka na sheria yake. Mtoto akidhani ameweza, hamwambii mwalimu; anamwonyesha jirani yake. Jirani akiridhika, mtoto anachora alama yake ya chaki chini ya manila kwa mkono wake mwenyewe. Lengo halishuki ukutani mpaka kila mtu awe ameweka alama. Si mwalimu wa kulishusha, wala ratiba, wala kengele. Walishushe wao.

Malengo ya masomo mengine yalikuwa yakipanda na kushuka bila taabu. Lile la vipande likagoma.

Sababu yake si ujinga, na anayesema ni ujinga hajawahi kukaa na watoto wa umri ule. Tatu ni kubwa kuliko mbili. Wamefundishwa hivyo tangu darasa la kwanza, wakapigiwa makofi walipolikariri. Sasa mtu yule yule anakuja kuwaambia kwamba theluthi, yenye tatu ndani yake, ni ndogo kuliko nusu, yenye mbili. Wewe ungemwamini? Seremala aliwapa kanda za karatasi zenye urefu sawa, wakunje mmoja sehemu mbili zilizo sawa, na mwingine sehemu tatu zilizo sawa, wavilaze vipande kando kwa kando. Waliona. Wakasema wameweza. Kesho yake akawauliza bila karatasi, nusu ya darasa wakarudi kulekule: tatu ndiyo kubwa. Wakafuta alama zao wenyewe, wengine kwa hasira, na wakaanza tena. Madarasa mengine yalikuwa yameshafika mbali kwenye mpango wa muhula. La tatu lilikuwa bado linakunja karatasi.

Mkuu alipopita kukagua, akainama kusoma, akanyooka polepole kama mtu aliyeona nyoka.

"Hili si lilikuwepo wiki iliyopita?"

"Lilikuwepo, Mkuu."

"Na lile la kujumlisha sehemu?"

"Linasubiri. Huwezi kujumlisha vipande usivyojua kipi kikubwa."

Mkuu alimvuta mpaka nje, kwenye kivuli cha paa, wasisikie watoto. "Sikiliza, kijana wangu. Mkaguzi anakuja wiki hii. Nimepata habari. Akikuta darasa moja limekwama mahali pamoja kama gari lililoishiwa mafuta, aibu si yako peke yako. Wakikwama mpaka siku hiyo, darasa hili nampa mtu mwingine, na wewe unakwenda stoo kugawa vitabu. Sikutishi. Nakwambia mapema ili usije ukasema hukuambiwa."

Stoo ya vitabu ilikuwa chumba kisicho na dirisha, kazi ya kuhesabu vitabu vinavyotoka na vinavyorudi. Seremala aliutazama mlango wa darasa lake, akasikia ndani Redio akimhubiria mtu. Alijua anachoweza kupoteza: si mshahara, ungebaki ule ule. Angepoteza watu wake.

"Nimekuelewa, Mkuu," alisema. "Nami nakwambia mapema: wataweza."

Hakusema kwa kiburi. Alikuwa na hakika, kama baba yake alivyokuwa akiikalia stuli mpya kwa uzito wake wote kabla mteja hajaja kuichukua.

Mkaguzi alikuja asubuhi yenye upepo: mama mtu mzima mwenye viatu vya kamba na miwani iliyoning'inia kifuani. Kabla hajafika, Mkuu aliingia mwenyewe darasa la tatu na karatasi mpya ya nailoni, *mwanafunzi aweze kujumlisha sehemu*, akaibandika ukuta wa nyuma na kuipapasa isiwe na kikunjo. Chini yake akaweka kiti kizuri kutoka ofisini, chenye mto, kwa ajili ya mgeni.

Unaona alichofanya? Alikiweka kiti cha mgeni chini ya lile alilotaka mgeni alione. Mkaguzi aliingia, akasalimu, akapelekwa moja kwa moja mpaka kwenye kiti, akakaa. Lengo la nailoni likawa limemwegemea kisogo. Mbele yake palikuwa na kile walichokiona watoto wote: ubao, na chini yake manila na safu ya alama za chaki. Mkuu, akiwa amesimama mlangoni, aliligundua hilo akiwa amechelewa. Utamwambiaje mgeni ageuke autazame ukuta?

Kipindi kikaanza. Watoto walikuwa wamebaki wachache wasio na alama, wakakunja na kubishana huku wenzao wakiwasikiliza kama mahakimu. Mkaguzi alimwinamia Redio, aliyekuwa dawati la nyuma kabisa.

"Binti, leo mnajifunza nini?"

"Lile pale, mama." Redio alielekeza kwa kidevu. "Limekaa siku nyingi, tumelizoea kama mjomba aliyekuja kutembea akakataa kuondoka."

"Na wewe umeliweza?"

"Nimeliweza. Juzi nilisema nimeliweza, nikaulizwa, nikashindwa, nikafuta. Sasa ndiyo nimeliweza kweli."

"Umejuaje kwamba sasa ni kweli?"

"Kwa sababu amekubali huyu." Alimgonga jirani yake begani. "Na huyu, mama, hata ukimwambia maji yanalowesha anataka kuona."

Mlangoni Mkuu alikohoa kikohozi kisicho na mafua.

Alama ziliongezeka moja baada ya nyingine, hadi akabaki mtoto mmoja tu, mvulana waliyemwita Mpole. Huyu alikuwa mtu wa maneno haba, lakini hakuwa mtoto wa kusema ndiyo ili aachwe. Alikunja ukanda wake sehemu mbili. Akakunja mwingine sehemu tatu. Akavilaza vipande kando kwa kando juu ya dawati, vimenyooka safi. Jirani yake akaitikia kwa kichwa, ameridhika.

"Nenda basi kaweke alama," Redio alimhimiza kutoka nyuma.

Mpole hakunyanyuka. "Kwenye karatasi naona," alisema. "Lakini nikifumba macho, tatu bado kubwa."

"Fumbua!" mtu alipaza sauti, na darasa likaangua kicheko. Mpole naye alicheka kidogo. Hakusogea.

Redio akaja mbele mbiombio, akamnong'oneza mwalimu kwa sauti ambayo bila shaka ilisikika mpaka stoo: "Mwalimu, si tumwekee tu alama? Tuna mgeni."

Kalamu ya mkaguzi ikasimama. Mkuu, mlangoni, aliteremsha kidevu mara moja, taratibu: mwekee. Ilikuwa kistari kimoja cha chaki. Watoto wangeishusha manila kwa vifijo, mkaguzi angeona lengo limetimia mbele ya macho yake, na Seremala angeenda nyumbani na darasa lake mkononi.

Alimtazama Mpole, aliyekuwa bado anaviangalia vile vipande kama vitu vilivyomdanganya. Ukimwekea alama mtoto aliyekwambia bado, umemfundisha nini? Umemfundisha kwamba neno lake halina uzito, na kwamba shule ni mahali pa kuonekana umeweza. Somo hilo mtoto halisahau. Tumejaa watu wazima waliolifaulu.

"Hapana," Seremala alisema, na alilisema kwa sauti iliyomfikia kila mtu, wa kwenye kiti chenye mto na wa mlangoni. "Alama ya mtu anaiweka mwenyewe. Mpole amesema bado. Lengo linabaki."

Kengele ikalia juu ya neno hilo.

Mchana mkaguzi aliwaita ofisini wote wawili. Hakukalia maneno. "Darasa la tatu liko nyuma ya mpango," alisema huku akifunga mkoba. "Nimeandika hivyo kwa sababu ndivyo lilivyo. Lakini nimeandika pia kwamba ni darasa ambalo nimetoka nikijua watoto wamefika wapi. Kwingine nimesoma kuta." Akavaa miwani, akaaga, gari likatoka langoni.

Mkuu alibaki amesimama dirishani, mkono kwenye kola.

"Umesikia?" alisema. "Nyuma."

"Nimesikia na lakini yake, Mkuu."

"Lakini yake!" Mkuu aligeuka. "Hilo neno nyuma litasomwa na kila mtu huko juu. Hiyo lakini iko mstari wa pili; nani atafika mstari wa pili? Mimi nina shule ya kulinda." Alipumua. Alipoendelea, sauti ilikuwa imeshuka, ya mtu aliyechoka kuliko aliyekasirika. "Kesho asubuhi nakuja darasani mwenyewe. Nikikuta ile karatasi iko pale pale, unahamia stoo. Nikikuta imeshuka, tumemaliza, wala sitauliza ilishukaje."

"Na nikiivua tu leo jioni?"

"Nimesema sitauliza."

"Na Mpole?"

"Mpole atakua. Kila mtu hukua."

Seremala alipita darasani kuchukua mfuko wake. Chumba kilikuwa kitupu, vipande vya karatasi sakafuni. Manila ilikuwa pale, imeshikiliwa na utepe pembe nne. Ingebanduka kwa mkono mmoja. Aliokota vipande, akalirudishia lile dirisha lisilofungika, akatoka. Hakuigusa.

Mkewe, fundi cherehani, alikuwa kibarazani akimalizia pindo la sketi kabla jua halijazama. Alimsimulia yote. Mke hakusimamisha mguu kwenye mashine mpaka alipofika mwisho wa pindo.

"Sasa hiyo karatasi si ungeivua tu?" aliuliza, akikata uzi kwa meno.

"Wao ndio huivua. Wakikuta haipo watajua ni mimi."

"Watajua nini, watoto wale?"

"Watajua kwamba nilikuwa nacheza."

Mke alimtazama. Alikuwa ameolewa na mtu huyu muda wa kutosha kujua uso ule. "Basi iache," alisema. "Nikikusukuma uivue utaninunia mpaka tuzeeke, na mimi sitaki kuzeeka na mtu aliyenuna. Ukipelekwa stoo utawafundisha panya sehemu." Wakacheka wote wawili. Kisha akaongeza, "Ila na hapa nyumbani ubandike lengo. Andika: leo mume wangu ataweza kuutengeneza ule mlango wa jikoni. Mtoto wa seremala, mlango umeegemezwa kwa tofali!"

"Nitaandika."

"Usiandike. Tengeneza."

Akautengeneza, kabla ya chakula. Na akalala vizuri, kwa sababu hakuwa na la kuogopa ila matokeo, na matokeo hayamnyimi usingizi mtu aliyefanya kazi yake sawasawa.

Asubuhi yake alifika mapema. Uwanja ulikuwa bado na ukungu mwembamba wa vumbi la mafagio, na watoto wa zamu walikuwa wakimwagia maji udongo. Mkuu alikuwa ameshafika. Alikuwa akivuka uwanja kuelekea darasa la tatu kama alivyoahidi, shati limenyooka, uso umefungwa. Wakakutana karibu na bomba la maji, wakasalimiana kwa ufupi, wakaendelea bega kwa bega.

Nyuma ya ukuta mfupi wa bomba, watoto wawili walikuwa wamechuchumaa. Mmoja alikuwa Mpole. Alikuwa na mkate mikononi, mkate mzima wa duara ambao mama yake alimfungia, na alikuwa anajiandaa kuumega kwa vidole, yeye na jirani yake wa dawati. Hawakuwaona watu wazima. Kwa pembeni akatokea Redio, mfuko unadunda mgongoni, pua imeshafika kabla yake.

"Na mimi! Na mimi nipo!"

Mpole aliuficha mkate kifuani. "Hapana."

"Kwa nini? Si tunasoma wote?"

"Tukiwa wawili napata nusu," alisema Mpole. Hakuwa na karatasi mbele yake wala hakufumba macho. "Ukija wewe tunakuwa watatu. Changu kinapungua."

"Kinapungua kidogo tu!"

"Kidogo hicho hicho ndicho ninachokitaka. Tena ukikubaliwa wewe, utamwita na mdogo wako. Tukiwa wanne hapa tutalamba vidole."

Seremala alisimama. Mkuu naye alikuwa amesimama, mguu mmoja mbele, kama mtu aliyesikia jina lake likiitwa. Wote wawili walitazama kule kwenye ukuta wa bomba, ambako Redio alikuwa ameanza hoja mpya kuhusu urafiki na Mpole alikuwa anatikisa kichwa, anakokotoa, anatikisa tena.

"Ana choyo yule mtoto," Mkuu alisema mwishowe.

"Sana, Mkuu."

"Mchoyo kabisa." Alijitahidi kuushikilia uso wake, lakini mabega yalikuwa yameshaanza kumtikisika, na kicheko kikamtoka puani, kikubwa, cha mtu ambaye hakucheka kwa muda mrefu. Akajifuta macho kwa kiganja.

"Nenda darasani kwako, Mwalimu," alisema, akigeuza njia kurudi ofisini. "Nenda kabla hawajapigana."